Ile ya Mtihani

Inasisitizwa kwamba maelezo binafsi ya mwombaji yawe ya kweli, yawe yake mwenyewe, na yaandikwe kwa sauti yake mwenyewe. Inasisitizwa zaidi kwamba chuo hakitafuti ufasaha, kinatafuta mtu. Mwombaji atakayebainika kutumia maisha ya mwingine ataondolewa, na jina lake litahifadhiwa kwa kumbukumbu.

Tamko hilo la chuo kikuu cha nchi moja yenye baridi lilikuwa limebandikwa ukutani katika steshenari ya Abdulkadiri, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kati ya bei za kutoa kopi na kalenda ya mwaka juzi. Abdulkadiri alilitafsiri mwenyewe, akalikuza herufi ili watu walisome wakiwa kwenye foleni. Watu walilisoma, wakaridhika kwamba wamefika kwa wanaojua mambo, kisha wakasogea mbele na kumwambia Mboni, "Dada, niandikie."

Mboni aliandika. Alikaa nyuma ya kompyuta iliyofutika herufi tatu, mgongo wake kwenye mashine ya kopi, na joto la mashine ile alishalizoea kama watu wanavyozoea mume. Aliandika barua za kuomba kazi, mikataba ya pango, risala za kikundi cha akina mama, kadi za harusi ambazo nyingine zilirudi baada ya wiki kubadilishwa jina la bwana harusi. Kuanzia Novemba mpaka Februari aliandika maelezo binafsi kwa Kiingereza, ya vijana waliotaka kwenda kusoma ughaibuni, na katika hiyo kazi hakuwa na mwenzake kuanzia Gerezani mpaka Ilala.

Yeye mwenyewe alikuwa na digrii ya takwimu. Aliisoma kwa masafa, miaka saba, kwenye kompyuta hiyo hiyo, saa ya chakula, huku mkono mmoja ukishika chapati. Alifaulu vizuri. Cheti kilipotoka, Abdulkadiri alikitoa kopi tano bure na kusema, "Sasa utaniacha." Hakumwacha. Kazi za takwimu ziliombwa na watu wengi sana, na Mboni alilijua hilo kwa sababu barua zao aliziandika yeye.

Lililokuwa limebaki ni udhamini wa kile chuo cha ukutani: shahada ya pili ya takwimu za afya, kila kitu juu yao, tiketi mpaka koti. Sharti lilikuwa mwombaji asiwe ametimiza miaka thelathini. Mboni alikuwa na ishirini na tisa, na Machi, mwezi wake wa kuzaliwa, ilikuwa inakuja.

Ili kuelewa kilichompata, lazima kwanza kusimuliwe habari ya kijana mmoja aliyefika dirishani miaka sita kabla, mwenye alama nzuri na asiye na tatizo lolote, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Fomu ilimtaka aeleze tukio lililombadilisha maishani.

"Fikiria," Mboni alimwambia. "Kitu chochote kilichokuumiza."

Kijana akafikiria. Alikuwa mkweli. "Niliwahi kuachwa na basi la shule."

"Halafu?"

"Baba akanipeleka na gari."

Nyuma yake kulikuwa na watu kumi na mmoja, umeme ulikuwa umekatika mara mbili tangu asubuhi, na Abdulkadiri alikuwa anakohoa kile kikohozi chake cha kuhimiza. Mboni akaandika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni cha kwake.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Asubuhi ya siku ya kwanza ya mtihani wa darasa la saba, mama yake, Anifa, muuza vitumbua wa Mchikichini, alimpigia pasi sare, akamwambia kichwa kinamgonga kidogo, nenda mwanangu. Mboni akaenda. Kabla hajamaliza karatasi ya Hisabati, mama alikuwa amekufa. Wakubwa wa nyumba ile wakakaa wakaamua, kama wanavyoamua wakubwa, kwamba mtoto asiambiwe mpaka amalize siku ya pili. Mtihani ni mmoja katika maisha, na maiti haimsubiri mtu. Jirani akamngojea getini, akampeleka Buguruni kwa ndugu zao, akamwambia mama amelazwa na watoto hawaruhusiwi wodini. Alasiri maiti ikatoka, watu wakazika. Jioni mama yake mdogo, Mgeni, akaja Buguruni na chipsi na soda. Soda nzima, peke yake. Nyumbani kwao soda ilinywewa sikukuu, na iligawanywa kwenye vikombe. Mboni akainywa yote akafurahi, akawaza kwamba mama angekuwa analazwa kila mwezi. Kesho yake akafanya Kiswahili na Sayansi. Aliambiwa saa tisa, akiwa bado ameshika penseli.

Alifaulu kwenda sekondari ya vipaji. Wakubwa walisema, unaona.

Yote hayo alimwandikia kijana wa basi la shule, pamoja na ile sentensi ya kuifurahia soda, ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote mpaka siku hiyo. Kijana akasoma, akasema, "Dada, hii kali," akaondoka nayo. Mwezi wa sita akapata udhamini. Alirudi kushukuru, akaleta boksi la biskuti, na akawaambia wenzake.

Basi ikawa ndiyo ile ya mtihani. Watu walikuja wakaitaka kama wanavyotaka shati fulani dukani: "Kuna ile ya mtihani bado ipo?" Abdulkadiri, mfanyabiashara asiyeshangaa, akaiweka kwenye orodha yake ya kazi baada ya lamination. Na Mboni hakuwa mjinga. Hakumpa mtu mwingine yeyote ile yenyewe. Huyu alifiwa na baba, yule na bibi. Wa kidato cha nne akapewa karatasi ya Fizikia. Soda ikawa juisi, ikawa aiskrimu, kwa binti mmoja ikawa kuku mzima. Akaipindua sentensi, akahamisha aya, na kila nakala ikawa mbali na nakala nyingine kiasi cha kutotiliwa shaka. Alijivunia hilo. Alilifanya kwa hesabu, kama alivyofundishwa.

Miaka sita baadaye, Januari, akaja Idrisa, mtoto wa wenye duka la mashuka Mtaa wa Kongo, akiwa na mama yake. Bi Badria alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye bangili nyingi. Alikaa kwenye benchi, akafungua mfuko wa korosho, na kutaka asomewe kila aya kwa Kiswahili, kwa sababu ndiye anayelipa.

Mboni akasoma.

"Ngoja kwanza," Bi Badria alisema. "Hapo nimekufa?"

"Bado, mama. Aya ya pili."

"Nakufa na nini?"

"Presha."

"Presha ninayo kweli." Akatafuna korosho. "Lakini uniweke kitandani. Usiseme nimedondoka jikoni, watu watadhani namna gani."

"Mama, hawakujui hao," alisema Idrisa.

"Wewe nyamaza, uliyefiwa. Endelea, mwanangu."

Mboni akaendelea mpaka kwenye soda, ambayo safari hii ilikuwa keki.

"Keki?" Bi Badria akaacha kutafuna. "Yaani mimi nimelala ndani ya udongo, yeye anakula keki?"

"Hajui, mama. Wamemficha."

"Hata kama. Idrisa nimemlea mimi. Angehisi."

"Mama, wewe umeshakufa," Idrisa alisema. "Huna usemi."

Foleni nzima ikacheka, na Bi Badria akacheka kuliko wote, akampiga mwanawe bega kwa mfuko wa korosho. Kisha akatema mate kidogo pembeni, Mungu apishie mbali, akakunja kanga yake. Alipokwisha kulipa akabaki amesimama pale dirishani.

"Hii umeitunga, au yupo mtoto yaliyomkuta?"

"Yupo."

"Masikini. Anaendeleaje?"

"Anaendelea," Mboni alisema. "Nani anafuata?"

Wiki mbili baadaye aliandika ya kwake. Alichagua Jumapili, duka limefungwa nusu mlango. Abdulkadiri alikuwa anahesabu rimu za karatasi, akachungulia kwenye kioo cha kompyuta.

"Umeandika ile?"

"Ndiyo."

"Mboni. Ile imechoka. Andika habari nyingine, wewe huna habari nyingine?"

"Hii ndiyo ya kwangu, bosi."

"Najua ya kwako. Nakwambia imechoka."

Alijaribu nyingine. Aliandika aya nzima kuhusu miaka saba ya digrii na chapati, akaisoma, akaona ni ya mtu anayelalamika. Akaandika kuhusu vitumbua. Mwisho akaifuta yote, akarudi kule kule. Ukutani mbele yake tamko lilisema kweli, mwenyewe, sauti yake. Alikuwa amelisoma mara elfu kama mtu anavyosoma bei, na siku hiyo kwa mara ya kwanza akalisoma kama mtu anayeambiwa yeye. Ikamwingia kwamba watu wenye kuandika maneno mazito namna ile lazima wana namna ya kujua. Kitu cha kweli kitajitambulisha.

Kwa hiyo hakupindua sentensi. Hakuhamisha aya. Mama akabaki mama, Hisabati ikabaki Hisabati, soda ikabaki soda. Akaongeza sentensi moja ambayo kwa miaka sita hakumuuzia mtu: kwamba jioni ile Buguruni mama mdogo alinukia kafuri, na yeye akadhani ni dawa ya mbu.

Akatuma. Abdulkadiri akafunga duka.

Hapa mtu mwenye digrii ya takwimu alipaswa kushtuka, naye baadaye alilisema hilo kwa utulivu, kama anaeleza kosa la mwanafunzi. Nakala thelathini na sita alizouza zilikuwa mbali, moja na nyingine, kwa sababu aliziweka mbali. Lakini zote alizisukuma kutoka kituo kimoja. Hiyo moja ya katikati iko karibu na kila nakala. Ukitaka kutafuta maandishi yanayofanana na ya watu wengi kuliko yote, hutayapata kwenye nakala yoyote. Utayapata kwenye asili.

Jibu lilikuja Februari mwishoni, saa nne asubuhi, wakati anamwandikia mtu mkataba wa fremu ya duka. Barua ilikuwa na adabu. Iliambatanishwa na maelezo yake mwenyewe, yaliyopitishwa kwenye mashine ya chuo, na kila palipofanana na maelezo ya waombaji waliotangulia pamepakwa rangi ya njano. Ukurasa ulikuwa wa njano kama embe. Katikati ya njano kulikuwa na mstari mmoja mweupe, ule wa kafuri. Chuo kilimshauri, kwa siku zijazo, kusimulia maisha yake mwenyewe. Kama ana pingamizi, alete ndani ya siku kumi na nne, pamoja na ushahidi.

Akamaliza mkataba wa fremu. Mteja alilalamika kwamba kipengele cha nne kimerudiwa mara mbili, na kweli kilikuwa kimerudiwa.

Ushahidi, kama ulikuwepo, ulikuwa kwa mama mdogo. Mgeni alikuwa bado kwenye chumba chake cha miaka yote, Ilala, anakaanga vitumbua kwa chuma cha marehemu dada yake. Mboni alimkuta anachekecha unga wa mchele.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba. Leo si Jumapili. Umefukuzwa?"

"Hapana. Nataka karatasi ya mama. Ile ya kifo."

Mgeni akaacha unga. Akanawa mikono, akaingia uvunguni, akatoa mfuko wa nailoni ndani ya mfuko wa nailoni. Cheti cha kifo hakikuwahi kukatwa. Nani angekwenda kukikata. Kulikuwa na kibali cha mazishi cha serikali ya mtaa, muhuri umefifia, jina na tarehe vinasomeka.

"Ya nini?"

Mboni alikuwa amebeba ule ukurasa, akautoa, kwa sababu alishindwa kuanza kwa mdomo. Mgeni hakusoma Kiingereza. Aliugeuza, akauangalia kama mtu anavyoangalia picha ya eksirei.

"Hizi za njano ndiyo nini?"

"Wanazosema nimeiba."

"Umeiba kwa nani?"

"Kwa wateja."

"Na hao wateja wamezitoa wapi?"

Mboni akatazama chuma cha vitumbua. Nje mtu alikuwa anauza maji kwa kugonga ndoo.

"Imeandikwa nini humu, Mboni?"

Akamwambia. Alimsomea yote kwa Kiswahili, sare, Hisabati, chipsi, soda. Mgeni alisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, mikono imelegea magotini.

"Watu wangapi?"

"Thelathini na sita."

"Dada yangu ana watoto wengi," Mgeni alisema. "Na wote wanajua habari ya soda?"

"Kwa wengine niliibadilisha."

"Ile soda niliinunua mimi. Nilikuwa nimetoka kumwosha, hata nguo sikubadili. Nimesimama dukani yule Mpemba ananiuliza baridi au ya moto, nikasema baridi. Nikasema mwenyewe moyoni, huyu mtoto nimpelekee nini, nimpelekee nini." Alichukua chekecheo, akaliweka tena chini. "Sijamwambia mtu. Hata mume wangu sijamwambia. Nilijua wewe ulikunywa ukafurahi, nilikuona, nikasema hili tutazikwa nalo mimi na yeye."

"Nisamehe, mamdogo."

"Uliwauzia bei gani?"

Mboni akataja bei. Ilikuwa sawa na ya kadi za harusi hamsini.

Mgeni akamkabidhi kibali cha mazishi. "Ukishapiga picha unirudishie. Hicho usikiuze." Akarudi kwenye unga. Mboni alikaa mpaka unga ukaisha kuchekechwa, na hawakuzungumza tena, isipokuwa Mgeni kumwambia asogeze mguu.

Fomu ya pingamizi ilikuwa na swali moja gumu: eleza jinsi maneno yako yalivyofika kwa waombaji wengine.

"Sema flashi ilipotea," Abdulkadiri alisema. "Rahisi. Flashi zote Kariakoo zinapotea."

"Haikupotea."

"Mboni, nisikilize. Ukisema flashi, wewe umeibiwa. Ukisema ukweli, wewe ndiye uliyewaibia wao. Hao wazungu hawataona tofauti nyingine."

"Wanataka ukweli. Wewe ndiye uliyebandika."

Abdulkadiri akatazama ukuta kama ameona tangazo hilo leo. "Nilibandika kwa ajili ya wateja," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Basi angalau jina la duka usiweke. Nina watoto wanne."

Hakuweka jina la duka. Mengine yote aliyaweka: kijana wa basi la shule, foleni, umeme, miaka sita, idadi. Alieleza hata habari ya nakala na asili yake, kwa mchoro mdogo, nukta moja katikati na nyingine thelathini na sita kuizunguka. Ulikuwa mchoro mzuri. Akaambatanisha kibali cha mazishi na tarehe za mtihani wa taifa wa mwaka ule, siku ni ile ile. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alichapa kitu bila kufikiria kitasomwaje. Kisha akarudisha kibali Ilala, akakikuta chumba kimefungwa, akakiacha kwa jirani ndani ya bahasha.

Jibu lilichukua siku tisa. Kamati ilimpa pole kwa msiba wa mama yake, ambao haikuwa na sababu ya kuutilia shaka. Ilimshukuru kwa uwazi wake, na kusema uwazi wa namna hiyo ni nadra. Ilieleza kwamba, hata hivyo, kuandika maelezo kwa niaba ya waombaji wengine ni kosa kubwa kuliko kunakili, na kwa kuwa amelikiri mwenyewe, hakuna haja ya uchunguzi. Jina lake litahifadhiwa kwa miaka mitano. Waliotajwa kwa idadi tu, bila majina, kamati haina namna ya kuwafuatilia, na hairuhusiwi kuwadhania vibaya.

Alitimiza miaka thelathini Jumanne. Ilikuwa siku ya kawaida yenye kazi nyingi. Shule zilikuwa zinatoa kopi za mitihani ya majaribio. Mchana Abdulkadiri alimnunulia biriani, na hakusema ni kwa ajili gani. Saa tisa akaja binti mmoja wa Buguruni, mwembamba, na fomu mkononi, akasubiri foleni ikaisha.

"Dada, shikamoo. Nimeelekezwa hapa. Wanasema kuna ile ya mtihani."

"Marahaba. Haipo."

"Imeisha?"

"Imeisha," Mboni alisema. Akavuta kiti cha plastiki kwa mguu. "Kaa. Wewe umefiwa na nani?"

"Sijafiwa."

"Basi mshukuru Mungu. Tuanze na jina."

Mwezi wa saba chuo kilitangaza udhamini wake kwenye ukurasa wake, na picha za waliopata. Kutoka Tanzania walikuwa watano. Watatu kati yao walichapiwa maelezo yao Mtaa wa Sikukuu, na mama zao, wote watatu, ni wazima.